Jina Lililobaki kwenye Bariyeri ya Ngomo

Kabla ya yote niwasahihishe wale wanaoisimulia habari hii katika mabaa ya Kadutu bila kuniuliza. Haikuwa usiku. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, saa tano na dakika kumi, na saa yangu ya mkononi nilikuwa nimeilinganisha na kengele ya kanisa alfajiri ileile. Sikuwa nimekunywa kasiksi, kwa sababu sijaonja pombe ya ndizi tangu siku ya kipaimara changu. Wala hapakuwa na mwanamke mwenye nguo nyeupe; huyo mwanamke sijui wamemtoa wapi. Palikuwa na mtumishi wa serikali, mwenye meza, kalamu na kitabu. Niaminini: angekuwa mwanamke mwenye nguo nyeupe, ningekuwa nimekwisha kumsahau.

Tulikuwa katika miaka ya mwanzo ya Zaïre. Nilikuwa karani mwandamizi katika ofisi moja hapa Bukavu, na mkuu wetu alirudi kutoka mkutanoni akiwa na wazo. Ofisi yetu ingeadhimisha sikukuu ya chama kwa safari ya baiskeli, na si ya kuuzunguka mji kama watoto wa shule. Tungeondoka Bukavu alfajiri, tupite Nyangezi, tuvuke milima ya Ngomo, tuteremke hadi Kamanyola, kisha tukate tambarare ya Ruzizi kwa Luvungi na Luberizi, tufike Sange jua likiwa bado juu. Siku moja. Kesho yake lori la mpunga lingeturudisha.

“Citoyen,” aliniambia mkuu, maana ndivyo tulivyolazimika kuitana, raia, “weye njo unaandikaka bila kufuta. Nataka karatasi moja: saa, kilomita, maji, hatari. Na chini kabisa, sinyature yako.”

Yeyote aliyewahi kupita Ngomo anajua mkuu alikuwa anaomba nini. Barabara ile imechongwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni hewa tupu, na chini kabisa unaona mto Ruzizi umelala kama uzi uliodondoshwa na mshonaji. Baiskeli zetu hazikuwa za mashindano. Zilikuwa zile za chuma kizito, zilizozoea kubeba mikungu ya ndizi na magunia ya makaa, zenye breki za fito ambazo mpira wake huyeyuka na kunuka mteremko ukizidi. Kwa hiyo niliipanga safari hiyo kama mtu anayepanga mazishi ya chifu. Niliweka waendeshaji kumi na wawili, pasiwe na wa kumi na tatu. Niliamuru kila mmoja afunge tawi la mkaratusi nyuma ya baiskeli yake, liburuzwe chini wakati wa kuteremka, lisaidie breki. Niliweka vituo vya kupoza magurudumu. Niliamua nani atangulie na nani amfuate, kwa sababu kwenye mteremko yule wa mbele ndiye anayeshika roho za walio nyuma yake.

Wa mbele alikuwa Bisimwa. Alikuwa mpiga taipu wa ofisi yetu, mzaliwa wa Miti, mwenye mapaja kama miti ya daraja, na pia alikuwa mume wa dada yangu Nsimire. Dada yangu alikuja kunitazama nikiandika orodha ile. Alisimama nyuma ya kiti changu.

“Yaya,” alisema, kama sisi tunavyomwita ndugu mkubwa, “bwana yangu niko na ule moja tu. Ukimupeleka kule, umurudishe.”

“Ninaandika orodha, sipigi vita.”

“Orodha njo inauaka batu,” alijibu, yaani orodha ndiyo huua watu, akaenda jikoni kucheka na mke wangu.

Nilimwahidi. Nalitaja jambo hilo kwa sababu yote yaliyofuata yanatokana na ahadi hiyo, si ujasiri wala uchawi.

Sikutaka kutia sahihi kwenye njia ambayo sikuipima. Nguzo nyingi za kilomita zilizowekwa na Wabelgiji zilikuwa zimeng’olewa na watu wakajengea majiko. Basi tulikwenda kuipima wenyewe, Bisimwa na mimi, majuma matatu kabla ya sikukuu. Njia yetu ya kupima ilikuwa hii: nilifunga kipande cha karatasi ngumu kwenye gurudumu la mbele, kikawa kinagonga chuma mara moja kila mzunguko. Kila nikifikisha mizunguko mia moja nilihamisha punje moja ya haragi kutoka mfuko wa kushoto kwenda mfuko wa kulia. Msicheke. Kwa maharagi hayo nilipata umbali wa Bukavu hadi Nyangezi ukiwa sahihi kuliko ule ulioandikwa ofisini.

“Shemeji,” Bisimwa alinitania tulipokuwa tunapanda, “tukipotea tutapika hesabu yako, tukule.”

“Endesha, usinipoteze idadi.”

“Niko nahesabu pia. Hii ni haragi ya ngapi? Ya kupasuka moyo?”

Hapo gurudumu lake la nyuma likapasuka. Aliketi ukingoni, akatoa viraka na gundi, akaniambia nitangulie taratibu nisipoteze mpangilio wangu, angenifikia. Nikatangulia. Punje ya hamsini na tatu tangu Nyangezi ilikuwa imeingia mfuko wa kulia ukungu uliposhuka. Ukungu wa Ngomo hauji kwa hatua; mara uko, kama mtu aliyefunika chungu. Nilishuka kwenye baiskeli nikaanza kuisukuma, nikihesabu bado, na kipande cha karatasi kikigonga polepole.

Ndipo nikaiona bariyeri.

Ulikuwa mti mrefu uliolala kukata barabara, uliopakwa rangi nyekundu na nyeupe, rangi mbichi kabisa. Kando yake palikuwa na meza, na nyuma ya meza alikaa mwanamume wa makamo mwenye kofia ya kazi. Mimi nilizijua kanuni za barabara. Nilijua kwamba zamani, enzi ya ukoloni, magari yalipokezana hapo Ngomo: saa hii ya kupanda, saa hii ya kuteremka, kwa sababu mawili hayawezi kupishana. Lakini nilidhani utaratibu huo ulikwisha. Nikafikiri labda umerudishwa, na ofisi yetu, kama kawaida, haikuletewa barua. Nilichukia kwanza; kuogopa kulikuja baadaye.

“Karani, umechelewa,” alisema. “Batu yako bamekwisha kupita.”

“Ninaitwa citoyen,” nilimjibu. “Na watu wangu gani?”

“Bale douze ya kinga. Bamepanda douze, bameshuka onze. Kitabu haiwezi kufungwa hivi.”

Kinga ndilo jina la baiskeli kwetu, na kwa Kifaransa chake douze ni kumi na wawili, onze kumi na mmoja. Mtu huyu alikuwa ananiambia habari za safari ambayo ilikuwa bado majuma matatu mbele, na idadi ambayo nilikuwa nimeiamua juzi yake, mezani kwangu. Ningefanya nini? Wengine wangekimbia. Mimi nilikasirika. Nilikuwa nimeona madaftari mengi mabovu katika kazi yangu, lakini sijawahi kuona lililoandika kupita kwa mtu ambaye hajapita.

“Kwa kanuni ipi?” niliuliza. “Safari hiyo haijafanyika. Nani amekuruhusu kuandika?”

“Mimi naandikaka ile naona.”

“Nionyeshe muhuri.”

Alinigeuzia kitabu. Karatasi zake zilikuwa kavu, hali ukungu ulikuwa unanidondoka kwenye kope. Hapakuwa na muhuri. Palikuwa na majina kumi na mawili yaliyoandikwa kwa wino mweusi, na mbele ya kila jina safu mbili, moja ya kupanda na moja ya kushuka. Nilitoa orodha yangu mfukoni, nikalinganisha. Mpangilio ulikuwa uleule, mtu kwa mtu. Ila mimi nilikuwa nimeandika majina yetu ya kizaire, kama sheria ilivyotaka tangu majina ya ubatizo yalipofutwa nchini, na kitabu kile kilikuwa na majina ya ubatizo peke yake. Langu mwenyewe lilikuwa la sita; sikuwa nimeliona limeandikwa popote tangu nilipopewa kitambulisho kipya. Sitaficha kwamba liliniuma kama kuona kaburi la jamaa. Majina yote yalikuwa na alama mbilimbili, isipokuwa la kwanza. Hapo palisomeka: Déogratias. Amepanda. Kisha nafasi tupu.

Déogratias alikuwa Bisimwa.

“Ule anabakia,” alisema yule mtu, bila uovu wowote, kama anayekutajia bei ya chumvi. “Nitamuita. Akiitika tu, nafunga kitabu, narudia kwangu. Niko hapa siku mingi sana, karani. Nimechoka.”

Niliangalia uso wake na, niaminini au msiniamini, alikuwa amechoka kweli. Nilimwonea huruma. Mpaka leo sijui kama nilipaswa kumwonea.

Nyuma yangu nikasikia kengele ya baiskeli na sauti ya Bisimwa akipumua kwa nguvu kwenye kona. Yule mtu akasimama, akanyoosha kofia yake. Na jina likaitwa.

Naandika “likaitwa” kwa makusudi. Nilimwona akifungua kinywa. Sauti niliisikia. Zaidi ya hayo siwezi kuapa, na mtaona kwa nini.

Bisimwa alikanyaga chini kwa mguu mmoja, akainua uso kama mtu anayeitwa nyumbani kula. Midomo yake ikaachana.

“Citoyen Bisimwa!” nilipiga kelele ambayo sikuijua kuwa ninayo. “Kwa amri, nyamaza! Usitoe hata neno!”

Alinyamaza. Nadhani alidhani kuna nyoka. Mimi nikamgeukia mwenye kitabu, nikapiga kiganja juu ya meza yake, nikamwambia maneno ambayo leo ningelipa nyumba yangu kuyarudisha. Nilimwambia kwamba hapa hakuna Déogratias. Nilimwambia kwamba majina hayo yamefutwa kwa sheria ya nchi, kwamba anayeyaandika katika daftari la serikali anastahili adhabu, na kwamba mtu huyu anayemwona ni citoyen Bisimwa, mwenye kitambulisho. Fikirini! Mimi, ambaye nilikuwa nimeipokea sheria ile kwa uchungu, ambaye nilikuwa bado nasali kwa jina langu la ubatizo mlango ukiwa umefungwa, nilisimama mlimani nikaitetea kama mtu aliyeitunga.

Alipitisha kidole kwenye ukurasa, juu hadi chini, kisha ukurasa mwingine.

“Bisimwa haiko,” alisema, amechanganyikiwa kama mimi.

“Basi andika kwamba hayuko.”

“Na ule mwengine? Déogratias?”

“Hayupo nchini humu. Amefutwa.”

Alichovya kalamu, akaandika kitu kidogo katika ile nafasi tupu, nami sikukiona kwa sababu mkono wake ulikuwa unakinga.

“Sawa,” alisema. “Jina itabakia hapa. Jina tu. Murudie kule mulitokea.”

Tuligeuza baiskeli. Sikutazama nyuma, wala si kwa ushujaa; shingo ilikataa. Nilihesabu kipande cha karatasi kikigonga, kwa sababu kuhesabu ndicho kitu pekee nilichoweza kufanya, na tulipofika Nyangezi nilikuwa nimerudisha punje arobaini na moja. Kwenda hamsini na tatu, kurudi arobaini na moja, njia ileile. Hilo sikuwahi kulipatia maelezo.

Tulipokaa Nyangezi, jua likiwaka kana kwamba ukungu ni uzushi wangu, Bisimwa aliniuliza kwa nini nilikuwa napigia kelele mti uliooza.

“Mti gani?”

“Ule wa kando ya barabara. Uliupiga na mukono, shemeji. Niliona.”

“Hukumwona mtu? Meza?”

“Nilikuona weye.” Akakuna kidevu, akapunguza sauti. “Na sasa nikuulize. Kama hukutaka niitike, juu ya nini uliniita?”

“Sikukuita.”

“Uliniita Déogratias. Ilikuwa sauti yako. Nawezaje kukosea sauti yako, na tunakaa ofisi moja?”

Niliapa kwamba sikumwita. Yeye akaapa kwamba nilimwita. Tulitazamana, na kicheko chake chote kikakauka. Je, mimi ndiye niliyeita? Nimejiuliza swali hilo nikiwa macho, nikiwa kanisani, nikiwa nanyoa ndevu. Kama niliita, basi nilimwita na kumkataza kwa pumzi moja. Kama sikuita, kitu kile kilikuwa na sauti yangu tayari, pamoja na orodha yangu.

Jumatatu niliwasilisha ripoti kwa mkuu wa ofisi, kurasa mbili, bila neno moja kuhusu meza wala kitabu. Niliandika kwamba njia ya Ngomo haifai na kwamba sitaitia sahihi. Aliniita mwoga mbele ya wapiga taipu, nami nikakubali kuitwa. Katika faili langu akaandika kwamba nilikwamisha sikukuu kwa sababu binafsi. Maneno hayo yamo mpaka leo, nami nayapinga mpaka leo. Siku ya sikukuu tukaendesha upande wa Miti, kwenye vilima vya Kabare, siku nzima, kumi na wawili kwenda na kumi na wawili kurudi. Nilimkabidhi dada yangu mume wake mlangoni, akiwa na vumbi mpaka masikioni. Nsimire alinishukuru kwa kuku.

Mngependa niishie hapo, nami ningependa pia.

Tangu siku ile Bisimwa hakuitika tena jina lake la ubatizo. Mwanzoni alifanya kwa tahadhari, kwa kunitii. Baadaye aliniambia kwamba hata akitaka, haliji. Mtu akilitamka analisikia kama jina la jirani aliyehama. Padri alimtamkia faraghani, naye Bisimwa akabaki kutazama ukuta.

Miaka miwili baadaye mama yake aliugua kule Miti. Tulikwenda mchana, dada yangu, yeye na mimi. Mama yule hakuwahi kukubali sheria ya majina; alikuwa mkulima, aliyembatiza mtoto wake baada ya kuzika wawili, na jina hilo lilikuwa shukrani yake kwa Mungu. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuzimika.

“Déo,” aliita. “Déo, uko wapi?”

Bisimwa alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, ameshika mkono wake. Nilimwona akifungua midomo. Hakikutoka kitu.

“Mutoto wangu iko wapi? Déo, itika hata mara moja.”

“Mama, ni mimi, niko hapa,” alisema mwisho.

“Hapana,” alisema mama. “Weye ni nani? Mi naita Déo.”

Aliita hivyo mpaka jioni, akafariki akiamini kwamba mwanawe hakuja. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya mkono wa mwanawe. Bisimwa aliinua uso akanitazama, hakunilaumu. Angenilaumu, ningepata nafuu.

Mwaka wa tisini, majina yaliporuhusiwa tena, mji mzima ulijibatiza upya kwa vicheko. Mimi nilirudisha langu siku ya kwanza, kwenye dirisha la kwanza. Bisimwa alisimama kwenye foleni nyuma yangu, akafika mbele ya karani, akaulizwa anataka jina gani liongezwe. Aliomba radhi, akatoka. Yu hai bado, mzee mwenye wajukuu, na dada yangu hajawahi kuwa mjane. Ahadi yangu niliitimiza. Hilo nataka liandikwe.

Lakini wewe unayesoma, ukipanga safari ya milima, pima njia, pima maji, funga tawi nyuma ya baiskeli, na ukungu ukikushukia simama. Ukisikia unaitwa, usiitike kabla hujamwona anayekuita. Na akija mtu mwenye kitabu kumtaka mwenzako, mkatalie kwa lolote ulilonalo, mpige kwa pampu, mwite mwizi, kimbieni wote wawili. Usimpe jina la mtu ili abaki nalo. Nilidhani natoa kitu kidogo, kilichokwisha kufutwa na serikali, ambacho hakuna atakayekitafuta. Sikujua kwamba kule Miti alikuwepo mtu mmoja ambaye hakuwa na kitu kingine cha kumwitia mwanawe.

Mara mbili nimekwenda Ngomo peke yangu, mchana mweupe, kumwomba yule mtu alirudishe lile jina. Hakuna bariyeri. Hakuna hata mti uliooza.